Gari la Mtumba, Amana ya Watu Sita



Juma hili tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeahidi, kwani tumepokea barua ya dada yetu mmoja, na aliloliuliza lina haraka yake: likizo ya Agosti imekaribia.

Dada yetu anaeleza kuwa mumewe amenunua gari la mtumba, Toyota Prado ya dizeli yenye viti saba, iliyokwisha kutumika hapa Mombasa kwa miaka mingi. Nia ya mume ni njema. Anataka kuwapeleka watoto wao watatu, pamoja na mamake mzazi, hadi Nakuru. Waone Ziwa Nakuru na shimo la Menengai, walale kwenye mahema usiku mbili, na ikiwezekana wafike Bogoria kuziona chemchemi za maji moto. Amekwenda kwa fundi wa magari ya porini, naye amempa orodha ndefu: kuliinua gari kwa springi ndefu, matairi makubwa, bamba la chuma la mbele, winchi, taa za safu juu ya paa, hema la kukunjuliwa juu ya gari, jokofu na betri ya pili, na droo za mbao za nyuma. Akiba ya nyumba haifiki nusu ya gharama. Mume ameomba, kwa maneno mazuri, bangili za dhahabu za mkewe ziuzwe ili orodha ikamilike.

Dada yetu anauliza mambo mawili. Je, akikataa atakuwa amemkosea mumewe? Na je, katika orodha hiyo, kipi ni cha lazima na kipi ni cha fahari?

La kwanza halihitaji maneno mengi. Dhahabu ya mke ni mali yake. Akiitoa kwa ridhaa ya moyo wake ni ihsani, na ujira wake uko kwa Mola wake. Akiizuia hana lawama. Lakini tunaona kuwa jibu la swali la pili, likitafutwa vyema, huenda likaliondoa kabisa hilo la kwanza. Basi na tuifungue orodha.

Orodha imetoka wapi

Wanaume wetu hawakuziota ndoto hizi usingizini. Tangu mwaka 1989 hufanyika Kenya mashindano yaitwayo Rhino Charge, ambamo magari hutakiwa kuvifikia vituo 13 kwa saa 10 katika ardhi isiyo na barabara, na mshindi ni yule aliyetumia masafa mafupi zaidi. Fedha zinazochangwa zimefanya jambo la heri: zimesaidia kujenga uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009, na baadaye uzio wa msitu wa Eburu, ulio katika Kaunti hiyo hiyo ya Nakuru. Kisha mwaka 2021 mbio za Safari Rally zilirudi katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na uwanja wake ukawa Naivasha, Elementaita na Soysambu. Vijana wetu wameyaona magari hayo yakiruka katikati ya wingu la vumbi, na nyoyo zao zikaruka pamoja nayo.

Wala hapana ubaya katika kupenda. Ila gari la mashindano limevuliwa viti, limefungwa vyuma ndani kuwalinda waliomo, na waliomo wamevaa kofia ngumu. Nyuma yake lina mafundi na daktari. Gari la dada yetu litambeba nyanya mwenye maradhi ya sukari na mtoto wa miaka sita. Kazi zao si moja, basi na matengenezo yao hayawezi kuwa mamoja.

Tuanze na kisichoonekana

Orodha ya fundi imeanza na kuinua gari. Sisi tungeanza kwa kuingia chini yake.

Gari lililoishi Pwani limekula chumvi ya bahari. Kutu huanza mahali pasipoonekana: kwenye chesisi, kwenye viungo vya springi, kwenye vipande vilivyochomelewa, na kwenye mabomba membamba ya breki. Springi mpya na ngumu zikifungwa juu ya chesisi iliyoliwa na kutu, nguvu yote ya mashimo ya barabarani hupelekwa pale penye udhaifu. Kabla ya kununua hata skurubu moja, gari lipandishwe juu kwa fundi asiyekuwa na kitu cha kukuuzia, agonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho, na mume awepo asikie sauti yake.

La pili ni kupoza injini. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni takriban kilomita 640, na safari hiyo huanzia usawa wa bahari, ikapita mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 pande za Limuru, kisha ikateremkia Bonde la Ufa. Nakuru yenyewe iko karibu mita 1,850. Kadiri mtu apandavyo, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pale Nakuru huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Ndani ya rejeta maji huzuiwa yasichemke mapema kwa mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kilichochakaa, ambacho hapa nyumbani hakikuleta taabu, ndicho kitakachokutia aibu kwenye mlima, na baadhi ya injini za dizeli za Prado zinajulikana kwa kupasuka silindahedi zikizidiwa na moto. Kifuniko kipya, mabomba mapya ya mpira, maji safi ya rejeta yenye dawa yake na belti mpya ni vitu vya gharama ndogo, wala havionekani na wapita njia. Pengine ndiyo sababu havikuandikwa.

La tatu ni breki. Atakayefika Bonde la Ufa lazima ateremke. Eneo la Salgaa, mbele ya Nakuru kwenye barabara ya Eldoret, limetajwa miaka mingi kwa ajali za magari mazito yaliyoachiwa mteremko bila gia. Gari dogo lililojazwa kupita kiasi lina tabia ile ile: breki hupata moto, kisha mguu ukikanyaga haupati kitu. Pedi, mafuta ya breki na mabomba yake vikaguliwe, na dereva ajue kuteremka kwa gia ndogo, si kwa mguu juu ya breki kutoka kileleni hadi bondeni.

Mizani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha mas'ala yote. Kila gari lina kiasi cha uzito linachoruhusiwa kubeba, watu wakihesabiwa ndani yake. Kwa magari mengi ya namna hii ni kati ya kilo 500 na 700, na kiasi chenyewe hupatikana katika kitabu cha gari au kwenye kibandiko cha mlangoni. Tuchukue kilo 600, tuhesabu.

Watu sita, wakubwa kwa wadogo, tuseme kilo 320. Maji ya siku mbili, kama tutakavyoeleza, kilo 75. Chakula, jiko, mtungi wa gesi, mablanketi na nguo, kilo 90. Zana na tairi la akiba la pili, kilo 50. Hadi hapa tuna 535, na bado hatujagusa orodha ya fundi. Tuongeze hema la juu ya gari, kilo 60. Keria la chuma la kulibeba, 40. Bamba la mbele na winchi, 95. Jokofu na betri ya pili, 50. Droo za mbao, 50. Jumla ni kilo 830. Gari limezidishiwa kilo 230 kabla halijatoka Mombasa.

Fundi atasema, "Ndiyo maana tunaweka springi ngumu." Springi ngumu huinua bodi iliyoinama, haziongezi nguvu ya breki, haziipi chesisi unene, wala hazibadilishi kiasi kilichoandikwa na aliyelitengeneza gari. Zinachofanya, zikiwa peke yake, ni kuuficha mzigo usionekane.

Na mzigo ukipanda juu ya paa hatari huongezeka. Magari mengi yameruhusiwa chini ya kilo 100 juu ya paa gari likiwa linakwenda, keria likihesabiwa humo. Gari lililoinuliwa, lenye chuma na hema juu, likikwepa punda ghafla, huegemea, na huenda lisirudi. Hatusemi haya kumtisha dada yetu. Ni hesabu tu ambayo kila nyumba yaweza kuifanya mezani kwa kalamu na karatasi, na mama wa nyumba, aliyezoea kupima unga, sukari na ada za skuli, ataifanya vizuri kuliko wengi.

Mtoto wa sita ataketi wapi?

Kuna jambo moja katika orodha ambalo pengine mume hajaliona. Droo za mbao hukaa mahali pa safu ya tatu ya viti. Zikifungwa, viti viwili vya nyuma vimetoka, gari la watu saba limekuwa la watu watano, na wasafiri ni sita. Maana yake ni kuwa mtoto mmoja atapakatwa, au ataketishwa juu ya droo bila mkanda, kwa kilomita 640.

Mkanda wa kiti ni sheria ya nchi, na kuilinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria ya dini yetu. Mapaja ya mama si mkanda. Gari likisimama kwa kishindo hakuna mkono uwezao kumzuia mtoto. Masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko, yaliyofungwa kwa mikanda, yatafanya kazi ya droo, nayo hayazidi kilo 10.

Waya chini ya zulia

Kuhusu jokofu na betri ya pili tuna kisa chetu wenyewe. Tuliwahi kufungiwa jokofu ndani ya gari, na fundi, ambaye hatumtaji, alipitisha waya mwembamba chini ya zulia bila kuweka fyuzi karibu na betri. Tulikuwa tumeshaipita Gilgil, Ziwa Elementaita likionekana upande wa kushoto, mtoto wetu wa pili aliposema kuwa ananusa mpira unaoungua. Tukasimama kando, tukawatoa watoto kwanza, kisha tukachomoa waya wa betri. Zulia lilikuwa limetoboka, na sponji ya kiti imeanza kuwa nyeusi. Laiti watoto wote wangekuwa wamelala, Allah ndiye ajuaye.

Hatukumlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tuliovutana naye bei mpaka akaona fyuzi ndiyo mahali pa kupunguzia.

Kwa hivyo, atakayeweka betri ya pili aweke waya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, na kinga ya mpira kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma. Lakini kwa usiku mbili tunauliza: je, jokofu lahitajika? Dada yetu ametaja insulini ya mama mkwe wake, na hilo ni jambo la kweli. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, wala haitakiwi kuganda, kwani ikiganda imeharibika. Kasha zuri la barafu, insulini ikiwa ndani ya kopo lililozungushiwa taulo ili isigusane na barafu, litatosha kwa siku hizo, na barafu huongezwa mjini Nakuru. Ile inayotumika kila siku aghalabu hukaa nje ya baridi kwa wiki kadhaa isipopata joto kali. Mama amuulize mfamasia wake kuhusu aina yake. Na isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Matairi na vumbi

Hapa tunakubaliana na fundi, ila si kwa ukubwa. Matairi ndiyo yanayoigusa ardhi, na shilingi ya kwanza ya akiba iende huko. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukauka na kupasuka hata kama mistari yake ingali mirefu, na wauzaji wa mitumba huzipaka rangi zikang'aa. Tairi la barabara zote mbili, lami na vumbi, la ukubwa ule ule uliowekwa na mtengenezaji, latosha. Likiwa kubwa zaidi, breki huchoka, injini huzidiwa, na saa ya mwendo husoma pungufu ya mwendo wenyewe.

Jina la Nakuru, kwa maelezo yaliyozoeleka, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ni vumbi la volkano, jembamba kama poda. Kwenye Safari Rally limewahi kuyazamisha magari ya mabingwa. Katika vumbi zito au mchanga, upepo wa tairi hupunguzwa kutoka paundi 35 hivi hadi karibu 20, tairi litandazike. Na kabla ya kurudi kwenye lami hurudishwa. Pampu ndogo ya umeme na kipimo cha upepo ni vifaa vya lazima. Kichujio cha hewa kifunguliwe na kukung'utwa kila jioni. Bomba la kuvutia hewa juu ya paa, ambalo wengi hudhani ni la kuvukia mito, faida yake kubwa huko ni hili vumbi. Lakini kwa siku mbili kichujio kipya chatosha.

Na winchi? Winchi huhitaji mti au mwamba wa kushikilia, na katika mbuga ya vumbi hupati kimoja. Koleo, mkanda imara wa kuvutia, mbao mbili za kuweka chini ya tairi na familia ya pili katika gari la pili ni bora kuliko chuma cha kilo 35. Safari ya jamaa wawili wawili ni salama zaidi, na mafundisho ya dini yetu yanawahimiza wasafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, ili njiani pasiwe na mabishano. Taa za safu nazo zitakosa kazi iwapo mtapanga kufika kambini kabla ya Magharibi.

Gari likiinuliwa sana, fikirini pia nani ataliingia. Nyanya mwenye magoti yanayouma na mama aliyevaa buibui hawapandi gari kama kijana. Kama fedha zitabaki, ngazi ya ubavuni na mshikio wa mkono mlangoni vina thawabu zaidi kuliko inchi mbili za springi.

Usiku wa Bonde la Ufa

Hema la juu ya gari hulaza watu wawili au watatu, na hupandwa kwa ngazi. Nyanya atalala wapi? Hema la ardhini la vyumba viwili, lenye uzito wa kilo 20 hivi, litawaweka wote sita, pazia likitenganisha, na sitara ikapatikana. Hema dogo la kuogea, lililofungwa ubavuni mwa gari, ni jambo ambalo mafundi husahau kwa kuwa wao si wanawake.

Maji tuliyahesabu hivi: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ni lita 48 kwa watu sita kwa siku mbili. Mtume wetu (SAW) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo ni kama robo tatu ya lita. Udhu mara tatu kwa siku, kwa wasafiri wanaokusanya Sala, ni lita 27. Jumla ni 75. Watoto wakifundishwa kutawadha kwa kikombe watajifunza katika siku mbili somo la israfu ambalo bomba la nyumbani haliwafundishi. Na maji yakikosekana kweli, tayammamu ipo, na mji wa vumbi haukosi udongo safi. Rukhsa ya kupunguza na kukusanya Sala tunaijua katika madhehebu yetu ya Shafi kwa safari inayopita masafa ya kilomita 80 na kitu. Atakayekuwa na shaka amuulize sheikh wa mtaa wake kabla ya kuondoka. Mjini Nakuru kuna Msikiti Jamia na ndugu Waislamu wa muda mrefu, mtaa wa Bondeni na kwingineko, kwa hivyo Ijumaa haiwapiti wanaume.

Mpishi ajue kuwa maji yakichemka kwa joto dogo, maharagwe na nyama ngumu huchelewa kuiva. Vichemsheni nyumbani, vikifika huko viungwe tu.

Kisha kuna mambo matatu ambayo hatuna budi kuyasema kwa mkazo.

Kwanza, baridi. Agosti usiku Nakuru hushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, pengine chini yake. Sisi watu wa Pwani tukiona baridi hukimbilia jiko la makaa. Msiliingize jiko la makaa ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likionekana limezima. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Huwalaza watu usingizi wasiamke tena. Beba mablanketi, soksi na kofia za sufu, na chupa ya maji moto kwa nyanya.

Pili, mahali pa kupiga hema. Mtume (SAW) aliwakataza wasafiri wanaolala usiku wasipumzike juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu. Atakayelala katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, penye vifaru na nyati, apige hema katika kambi zilizowekwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, chakula kikae ndani ya gari lililofungwa kwa sababu ya nyani, na mtoto asitoke peke yake usiku.

Tatu, makorongo. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba mwaka 2012, na Septemba 2019 watu saba wengine. Mvua yaweza kunyesha mbali, juu mlimani, nanyi mko chini ya mbingu safi. Msipige hema ndani ya mkondo mkavu, hata mchanga wake ukiwa laini kama godoro. Na msitegemee ramani ya zamani: maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa miaka mingi sasa, na lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji likahamishwa. Ulizeni kwanza.

Turudi kwenye bangili

Dada yetu, chukua kalamu. Katika zile kilo 830, ondoa bamba na winchi, 95. Badili hema la juu kwa la ardhini, umepunguza 40. Keria jepesi badala ya zito, 15. Kasha la barafu mahali pa jokofu na betri, 35. Masanduku ya plastiki mahali pa droo, 40. Tairi la pili la akiba, 25, maana mkiwa na jamaa wa gari la pili moja latosha. Umepunguza kilo 250, zimebaki 580. Gari limerudi ndani ya mizani yake, kila mtu ana kiti na mkanda, na lililobaki kununuliwa ni ukaguzi, mambo ya rejeta, breki, matairi, pampu, na hema. Zungumza na mumeo kama hilo litaingia ndani ya akiba mliyonayo. Tunadhani litaingia, na bangili zitabaki mkononi mwako.

Kama hapo baadaye atataka kubadilisha gari zaidi ya hapo, aikumbuke Sheria ya Trafiki: mabadiliko yanayofanya maelezo ya usajili yasilingane na gari lenyewe hupelekwa kwa msajili. Bima pia, iwe ya takaful au ya kawaida, iarifiwe, isije ikakataa siku ya dhiki.

Mwambie mumeo haya kwa upole, jioni, baada ya chai, na karatasi ya hesabu mkononi. Usimwambie kuwa ndoto yake ni ya kitoto. Mwambie kuwa unaitaka safari, na kwamba hesabu hii ndiyo njia ya kuifikia Agosti hii badala ya mwaka ujao. Mwanamume anayetaka kumwonyesha mamake mzazi uumbaji wa Mola wake anastahili msaidizi. Bedui wa zama za Mtume (SAW) alifundishwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Ngamia wetu wa leo hufungwa kwa breki nzima na matairi mazuri.

Siku ya kuondoka, watoto wasome dua ya kupanda kipando, iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, na mkifika kambini msisahau dua ya kuteremkia mahali. Tunamuomba Allah awafikishe salama, awarudishe salama, na ajaalie safari hiyo iwe ya mapenzi na mazingatio. Amin.

Juma lijalo, inshaAllah, tutarudia mada tuliyoiahirisha.

Wabillahi tawfiq.